Ziara ya Bari: Hujaji na Mtalii

Neno «ziara» lina kazi mbili katika Kiswahili. Waziri hufanya ziara mkoani na wageni hufanya ziara mbugani. Lakini pia waumini huenda ziara kwenye kaburi la walii kuomba dua. Mjini Bari, bandari kongwe ya kusini mashariki mwa Italia, ziara hizo mbili hushuka ngazi moja kuelekea kaburini na kuibua swali la tangu kale: kinachomfanya mtu awe hujaji ni mahali anapokwenda au ni nia aliyokwenda nayo?

Kinachowavuta watu Bari ni masalia ya Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira wa karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari, ambao kwa mapokeo walikuwa 62, walilivunja kaburi lake na kuichukua mifupa. Tarehe 9 Mei waliingia nayo bandarini kwao. Walijitetea kwamba wameiokoa mikononi mwa Waturuki wa Seljuk. Hata hivyo, palikuwa na hesabu nyingine. Wanormani walikuwa wameuteka mji wa Bari mwaka 1071, nao ukapoteza hadhi ya kuwa makao makuu ya utawala wa Bizanti nchini Italia. Tena wapinzani wa Bari kutoka Venice walisemekana kuinyemelea mifupa hiyohiyo. Mtakatifu angevuta mahujaji, na mahujaji wangeleta fedha. Safari moja ikabeba ibada, biashara na wizi.

Kanisa la kumhifadhi lilianza kujengwa mara moja, na mwaka 1089 Papa Urbano wa Pili aliyaweka masalia katika chumba cha chini chenye nguzo 26. Mwaka 1098 Papa huyohuyo aliwaita maaskofu Bari wajadiliane na Wagiriki juu ya asili ya Roho Mtakatifu, jambo lililokuwa likiwatenganisha Wakristo wa Mashariki na wa Magharibi. Mjadala haukuwaunganisha. Kaburi, hata hivyo, huwakutanisha mpaka leo: Waorthodoksi wana altare yao humohumo ndani ya kanisa la Kikatoliki. Mwanamke aliyejitanda kichwa hupiga magoti mbele ya kaburi, na hatua chache nyuma yake kundi la watalii husikiliza maelezo ya nguzo. Kila Mei huchotwa kaburini majimaji yaitwayo mana. Kwa muumini ni baraka. Kwa mwenye shaka ni unyevunyevu wa jiwe.

Majibu ya swali lile la mahali na nia ni mawili. La kwanza husema utakatifu umo katika kitu chenyewe: mwili wa mtakatifu ulikuwa hekalu la Mungu, na heshima yake haiishi kwa kifo. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba humpa mwizi haki sawa na muumini, maadamu mifupa iko mikononi mwake. La pili alilitoa Gregorio wa Nisa, askofu wa karne hiyohiyo ya 4 kutoka Asia Ndogo. Baada ya kufika Yerusalemu aliandika kwamba kuhama mahali hakumsogezi mtu karibu na Mungu. Hoja hiyo ni nzito, lakini husahau kwamba binadamu hujifunza pia kwa macho, kwa mikono na kwa uchovu wa miguu. Wengi wasemao kwamba moyo unatosha hubaki nyumbani, moyo nao ukibaki palepale.

Maeneo ya nje ya mji yana ushahidi wa upande wa tatu. Kaskazini, katika rasi ya Gargano, kuna pango la Malaika Mikaeli mjini Monte Sant'Angelo. Mahujaji wa kale walichora kwenye mawe yake alama za viganja na nyayo zao, kitendo ambacho mtalii akikifanya leo ataitwa mharibifu. Katika miaka ya 860 mtawa Bernardo alipita hapo akielekea Yerusalemu, kisha akashuka Bari. Mji ulikuwa chini ya Waislamu, walioutawala kuanzia 847 hadi 871, na ni sultani wake aliyempa barua za kumruhusu kusafiri. Mkristo alikwenda hija kwa kibali cha Mwislamu.

Bernardo, mabaharia wa 1087 na mwenye kamera wa leo wanaonyesha jambo moja: nia ya msafiri ni nadra kuwa safi tangu anapofunga mizigo. Mahali patakatifu hapaumbi nia, ila hukijaribu alichokuja nacho mtu na huweza kukigeuza. Aliyeshuka ngazi kwa udadisi anaweza kupanda akiwa ameomba, na aliyekwenda kuomba anaweza kurudi na picha tu. Mpaka kati ya hujaji na mtalii haupiti baina ya watu wawili. Unapita ndani ya kila mmoja wao, na Kiswahili hakikukosea kuzipa safari zao neno moja.