Taklidi ya Simu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwanasihi watu waache kufuata mambo kwa kuwa tu yamesemwa, bali watake dalili. Ajabu ni kuwaona leo wajukuu wa wasomaji wake, wamtakao sheikh dalili kwa kila neno, wakipokea jawabu la simu bila ya swali la pili. Hii nayo ni taklidi, tena mbaya kuliko ile ya kwanza. Aliyemfuata sheikh alimfuata mtu atakayesimama Siku ya Hesabu kuijibia fatwa yake. Simu haitafufuliwa.

Katika darsa yetu kijana mmoja alisoma hadithi nzuri juu ya fadhila za elimu, akataja kitabu na nambari. Kilipofunuliwa kitabu, chini ya nambari ile palikuwa na habari za udhu, na hadithi yake haimo. Alikuwa ameiuliza akili bandia. Nia yake ilikuwa njema. Lakini Mtume s.a.w. ametuonya ya kuwa mtu kusimulia kila alisikialo kwamtosha kuwa muongo.

Chombo hiki kimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na asili ya kazi yake ni kukisia neno lipi lafaa kufuata neno lililotangulia. Hukisia vizuri ajabu. Lakini maneno kuoana si maneno kuwa kweli. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hukumu sita ambazo hazikupata kutolewa na hakimu yeyote; zilitungwa na chombo hicho. Wakatozwa dola 5,000. Na hao walisimama mbele ya mahakama ya dunia tu.

Tazameni kazi ya wazee wetu. Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari amekifungulia kitabu chake, ameipokea kwa Al-Humaidi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said, naye kwa Muhammad bin Ibrahim, naye kwa Alqama, naye kwa Umar bin al-Khattab r.a. Kila mmoja ajulikana aliishi wapi, alisoma kwa nani, na hifadhi yake ilikuwaje. Iulize simu: neno hili umelipokea kwa nani? Yaweza kukutajia hata wapokezi wasiopata kuzaliwa. Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Jawabu hilo ni nadra kulisikia kwa simu.

Hatusemi ni haramu. Kuharamisha kila kipya ni njia nyingine ya kukwepa kufikiri. Na ikufasirie neno gumu la Kiarabu, ikuoneshe mlango wa kutafutia, ikusahihishie barua. Ama suala la dini, au la mirathi, au la talaka, lifikiri kwanza wewe, uandike japo mistari mitatu ya rai yako, ndipo uiulize, kisha ufunue kitabu au umwendee kadhi. Anayeanza kwa kuuliza, rai yake haizaliwi kamwe. Surat al-Isra, katika aya ya 36, yatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na yataja masikio, macho na moyo kuwa vyote vitaulizwa. Moyo nao umetajwa, ndugu zangu. Aliyeuacha bila kazi atautetea kwa lipi?

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, atakayetoa darsa aje na kitabu chenyewe mkononi. Asiye nacho, maktaba ya msikiti hufunguliwa baada ya Alasiri. Wabillahi tawfiq.