Haki ya Mtoto Njiti na Mamaye

  

Mtu wa Kitaya akipelekewa habari kwamba mkewe amejifungua kabla ya siku zake, na mtoto amelazwa hospitali Mtwara mjini, mirija puani, mara nyingi la kwanza limjialo ni kuhesabu miezi. Majirani nao huhesabu, na wengine hunong'ona. Maradhi haya ni ya kale. Imepokewa kwamba zama za Masahaba mwanamke alizaa kwa miezi 6, akashitakiwa. Sayyidna Ali akatoa hoja Kitabuni: Sura ya Ahkaf yataja mimba na kuachishwa ziwa kuwa miezi 30, na Sura ya Luqman yataja kuachishwa ziwa katika miaka 2, basi mimba yabakiwa na miezi 6. Wanavyuoni wakashika hivyo. Mtoto huyo ni wa babaye, ana nasaba na urithi; na akilia kisha akafa, ataoshwa, atavishwa sanda na ataswaliwa.

Ama mama, yeye hukesha penye kitanda, akikamua maziwa kwa mkono kwani mtoto hajaweza kunyonya. Na hofu na huzuni huweza kuyazuia maziwa yasishuke. Mume ampelekeaye mpwa wake na nauli, kisha akarudi shambani kwenye mpunga wake, ametoa nafaka, walakini hajatenda wema. Na amwulizaye mkewe, "Ulifanya nini?" amemwongezea jeraha bure. Malaria huleta haya, na shinikizo la damu, na mimba ya mapacha, na mara nyingi hata matabibu hawaijui sababu.

Mwaka 1978 matabibu wa mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, walianza kuwaweka watoto wadogo kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi 5, Tanzania mojawapo, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba jambo hilo likianzwa mara mtoto azaliwapo, vifo hupungua kadiri ya robo. Na kifua cha baba chafaa vilevile, mama apate kula na kulala. Wako waonao haya kuvua kanzu mbele ya wauguzi. Haya hiyo si ya sheria: uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kifua hakimo.

Akika ni siku ya 7, nayo ni sunna. Kumlisha mama ni wajibu. Mtoto akiwa bado hospitali, mbuzi na angoje, wala akika haianguki kwa kucheleweshwa. Jina lisingoje. Kitandani pale ameandikwa "mtoto wa fulani" kwa jina la mamaye tu. Babaye na aende, amwadhinie sikioni kwa sauti ya chini, amwite.