Mgeni Aliyepewa Jembe

Katika mambo ambayo watu wa Pwani hawahitaji kufunzwa ni adabu ya mgeni. Wazee wao walipokea majahazi ya kila msimu, wakajua nani mpita njia na nani amekuja kukaa, nao wakaacha neno linalojulikana na kila mtoto: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hili kumcheka mgeni aliyekawia, wakaisahau maana yake ya pili, nayo ndiyo nzito. Mwenye kupewa jembe ametolewa katika hali ya ugeni. Amelima shamba la mwenyeji, na jasho lake limeingia katika chakula cha nyumba ile. Basi je, baada ya kulima kwake, mwenyeji ana haki ya kumwambia ya kuwa sharti la jana limeondoka, angoje miaka 10 mingine ndipo ajue kama atakaa au atatoka?

Mas'ala haya si ya kubuni. Yamezuka nchini Uingereza, na yanawagusa watu wengi walioacha nchi zao kwa kutafuta riziki ya halali.

Kwa miaka mingi mtu aliyeingia nchi hiyo kwa kazi ya ujuzi aliweza, baada ya kukaa miaka 5, kuomba ruhusa ya kukaa daima. Ruhusa hiyo ndiyo ufunguo wa mambo yote. Mwenye kuipata hafungiki tena kwa tajiri mmoja. Akipatwa na maradhi au akikosa kazi huweza kusaidiwa na dola. Na watoto wake huwa karibu na uraia. Mwezi wa Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuufanya muda wa kawaida kuwa miaka 10. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akatoa waraka wa mashauri wenye kueleza mengi zaidi. Wenye kazi zilizo chini ya daraja ya shahada, na miongoni mwao ni watumishi wanaowahudumia wazee na wagonjwa majumbani, walipendekezewa miaka 15. Na wakimbizi miaka 20. Ama mwenye pato la paundi 125,140 kwa mwaka, yeye angengoja miaka 3 tu. Na kubwa kuliko hayo, ilipendekezwa muda huu mpya uwashike hata wale waliokwisha kuingia zamani kwa tumaini la miaka 5, maadamu hawajapata ruhusa ya daima. Sababu iliyotajwa ni kwamba watu milioni 1.6 walikadiriwa kuipata ruhusa hiyo baina ya 2026 na 2030, na serikali iliona idadi hiyo ni kubwa mno.

Insafu yataka kila upande upewe haki yake kabla ya kuhukumiwa. Kila dola ina haki ya kujua nani anaingia katika mipaka yake, na mwenye nyumba hawi dhalimu kwa kufunga mlango wake usiku. Tena ni kweli kwamba watu wakizidi kwa haraka, nyumba hupungua, shule hujaa, na mwenyeji maskini aliyengoja nyumba miaka mingi huona amerukwa. Mtu huyo hana kosa, wala haifai kumdharau kwa kusema hana roho ya ukarimu. Lau kama serikali ile ingesema tu kwamba tangu leo wageni watakaokuja watakuta sharti la miaka 10 au 15, msafiri angepima akaamua. Akitaka angekwenda, na asipotaka angebaki kwao. Hilo ni jambo la mlango. Ama kumbadilishia sharti yule aliye ndani ni jambo la ahadi, na hukumu ya ahadi ni nyingine.

Na izingatiwe jinsi watu hao walivyoingia. Mwezi wa Februari 2022 Uingereza iliwafungulia njia watumishi wa kuwatunza wazee, kwa kuwa kazi hiyo ilikosa watu. Walioitika wengi walitoka India, Nigeria na Zimbabwe. Hakuna aliyevunja ukuta. Walipewa vyeti, wakapangiwa kazi. Kazi yenyewe ni kumwosha mtu mzima asiyeweza kujiosha, kumlisha asiyeweza kushika kijiko, na kukesha naye usiku. Hilo ndilo jembe walilopewa, nao walilipokea tangu siku ya kwanza.

Watu husema: "Hakuna aliyewaandikia mkataba wa kwamba sheria haitabadilika." Maneno haya yana sura ya haki, lakini yamekwisha kujibiwa, na aliyejibu ni kadhi wa nchi ile ile. Hapo zamani Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwaita watu wenye ujuzi mkubwa, na wakati ule muda wa kupata ruhusa ya daima ulikuwa miaka 4. Mwaka 2006 muda ukafanywa miaka 5, na masharti mengine yakakazwa, yakawapata hata waliokwisha kuingia. Wageni wakashtaki. Mwaka 2008, na tena 2009, Mahakama Kuu iliamua ya kuwa watu waliokuja kwa masharti ya zamani waachwe watimize masharti yale yale waliyojia. Basi kanuni hii si ukarimu unaoombwa na wageni. Ni haki iliyotambuliwa na mahakama ya wenyeji wenyewe: mtu akiacha kwao kwa neno la dola, neno hilo lina uzito.

Kwa Mwislamu jambo hili liko wazi zaidi, kwani Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mapatano. Wanavyuoni hawakusema kwamba mwenye nguvu amesamehewa amri hiyo kwa nguvu zake, wala kwamba asiyekuwa wa dini moja nawe hana ahadi. Bali mwenye nguvu ndiye anayehitaji zaidi kukumbushwa, kwa sababu mnyonge akivunja ahadi huadhibiwa, na mwenye nguvu akivunja huiita sheria mpya.

Ama lililo chungu kuliko yote ni kwamba uzito wa mabadiliko haya humwangukia zaidi yule ambaye hakufanya mapatano yoyote, naye ni mtoto. Na uchukuliwe mfano wa mwanamke aliyekwenda huko mwaka 2022 pamoja na mume wake na binti wa miaka 9. Kwa hesabu ya zamani, binti yule angekuwa na miaka 14 siku ambayo mama yake anaweza kuomba ruhusa ya daima. Kwa hesabu ya miaka 15 atakuwa na miaka 24. Utoto wake wote, na mwanzo wa ujana wake, utapita katika neno "labda". Atajifunza lugha ya watu, atapata marafiki na walimu, naye hawezi kusema kwa yakini ya kuwa hapa ni kwetu. Na akizaliwa huko ndugu yake mdogo, yeye naye hawi raia kwa kuzaliwa tu, kwani tangu mwaka 1983 sheria imetaka mmoja wa wazazi awe raia au mwenye kukaa daima. Basi kila mwaka anaoongezewa mama huweza kuwa mwaka wa kungoja kwa mtoto pia.

Na huyo angalau amekaa na wanawe. Tangu tarehe 11 Machi 2024 watumishi wapya wa kutunza wazee walikatazwa kuja na mume, mke au mtoto. Serikali ilieleza kwamba katika mwaka mmoja watumishi kiasi cha 100,000 walifuatana na jamaa 120,000, ikaona jamaa ni wengi kuliko wafanyi kazi. Hesabu hiyo yawezekana kuwa sahihi, lakini maana yake itazamwe: mama anatakiwa kwa mikono yake, na moyo wake auache uwanja wa ndege. Amtunze mzazi wa mtu mwingine, na mwanawe atunzwe na bibi kijijini. Mafakihi walipoandika hukumu za mateka na watumwa, watu waliokuwa chini kabisa katika zama zile, walikataza mama kuuzwa akatengwa na mtoto wake mdogo. Ikiwa mtumwa alikuwa na haki hiyo, vipi muungwana mwenye cheti cha kazi aikose?

Hata raia wa nchi yenyewe hawakusalimika. Tangu Julai 2012 raia wa Uingereza aliyeoa au kuolewa na mtu wa nje alitakiwa awe na pato la paundi 18,600 kwa mwaka ndipo amlete mwenzake. Na tangu Aprili 2024 kiasi hicho kikawa 29,000. Mwaka 2015 Kamishna wa Watoto wa Uingereza alitoa ripoti iliyokadiria kwamba watoto wasiopungua 15,000 wameathirika kwa sharti hilo, wengine wakimjua baba au mama kwa sura ya kwenye kioo cha simu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema sharti lenyewe si haramu kwa asili yake, lakini serikali haikutimiza wajibu wake wa kuangalia maslaha ya watoto. Maskini basi aliambiwa ya kuwa ndoa yake ni halali, ila kukaa na mkewe kuna bei.

Pengine itasemwa kwamba hazina ya dola yahitaji kulindwa. Naam, yahitaji. Lakini mgeni huyu hulipa kodi kama mwenyeji, na juu yake hulipa ada ambazo mwenyeji hazijui. Kwa hesabu ya mwaka 2025, ombi la ruhusa ya daima lilikuwa paundi 3,029 kwa kila mtu, na kodi ya matibabu paundi 1,035 kwa kila mwaka kwa mtu mzima asiyesamehewa. Kwa hesabu hiyo, kuongezewa miaka 5 ni paundi 5,175 nyingine kwa kila mtu mzima wa nyumba. Watumishi wa wazee wamesamehewa kodi hii ya matibabu, lakini hawakusamehewa khofu. Tajiri aliyemleta akinyang'anywa ruhusa yake ya kuajiri wageni, mtumishi hupewa kwa kawaida siku 60 atafute tajiri mwingine au aondoke. Mwenye kuishi hivyo hawezi kudai mshahara uliopunjwa. Kumweka hivyo miaka 5 ni mtihani. Kumweka miaka 15 ni kumtia mkononi mwa tajiri wake ujana wake wote.

Na ikisemwa kwamba sheria ni sawa kwa wote, usawa peke yake si uadilifu. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua ya kuwa Uingereza imewadhulumu wanawake waliokaa huko kwa haki, kwa kuwazuia kuleta waume zao hali wanaume waliweza kuleta wake. Serikali ikaondoa tofauti ile kwa kuwatia na wanaume katika dhiki ya wanawake. Usawa ukapatikana, na nyumba zilizotengana zikazidi.

Watu wa Pwani hawakusikia khabari hizi kwa mbali tu. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza walibanwa baina ya sheria mbili: Kenya iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na Uingereza ikapitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia wenye pasipoti yake wasiokuwa na mzazi au babu wa huko. Nafasi 1,500 tu kwa mwaka zikawekwa kwa wakuu wa nyumba. Miongoni mwa walioshtaki wamo waume waliozuiwa kuwafuata wake zao. Na mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba katika jambo hilo mlikuwa na ubaguzi wa rangi uliofikia kudhalilisha watu. Pasipoti ilikuwa ahadi, nayo ilivunjwa siku ambayo watu waliihitaji.

Lakini asijitakase mtu kwa kuhesabu makosa ya wengine. Katika nchi za Ghuba, ambazo ni za Waislamu, mfanyi kazi wa mshahara mdogo kwa kawaida hawezi kuleta ahali yake, na huenda akakaa miaka 20 asipate haki ya kukaa daima. Na karibu zaidi ya hapo, zipo nyumba za Mombasa na Unguja ambazo ndani yake yumo mtumishi aliyemwacha mwanawe bara. Aliambiwa atapewa ruhusa ya kwenda kwao kila Idi; Idi ikafika, nyumba ikawa na wageni, akaambiwa angoje ijayo. Huyo naye amebadilishiwa sharti baada ya kushika jembe, na aliyembadilishia si waziri wala bunge.

Hukumu basi ni hii. Dola ina haki ya kuweka muda kwa atakayekuja, wala haina haki ya kumwongezea aliyekwisha kuja na akatimiza lililo juu yake. Ikipima faida na hasara, utoto wa mtoto usiwekwe katika mizani moja na paundi, kwani paundi iliyopotea hupatikana, na mwaka wa mtoto haurudi. Na mwenye kulaumu serikali ya mbali aanze na mtumishi wa jikoni kwake, amtimizie siku aliyomwahidi, kwani ahadi ni deni, nalo halifutwi kwa udogo wa mwenye kudai.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.