Mti Uliopandwa kwa Nia Njema

Katika mfano wa magugu, Bwana Yesu anatuambia wazi aliyepanda ni nani: ni adui, watu wakiwa wamelala. Je, magugu yakipandwa mchana, na rafiki, kwa nia ya kusaidia, tuseme nini?

Hayo yalitokea Baringo, nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilipanda huko mti wenye asili ya bara la Amerika, ambao wenyeji wanauita mathenge. Mti huo hustahimili ukame, hushika udongo na hutoa kuni, na mbuzi hupenda maganda yake matamu. Walioupanda waliona nchi kavu na watu wenye shida, wakataka kuwasaidia.

Lakini mbuzi walizitawanya mbegu kwa kinyesi chao, na maji yakazipeleka mbali. Vichaka vya miiba vikafunga malisho na njia. Wafugaji wakaona meno ya mbuzi wao yakiharibika kwa utamu ule ule wa maganda. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki Serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kuwa ushahidi.

Wako wasemao kwamba Mungu hutazama moyo, basi mwenye nia njema hadaiwi kitu. Ni kweli Mungu hutazama moyo. Hata hivyo, torati katika kitabu cha Kutoka yaagiza kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Haiulizwi kama alichimba kwa chuki au alikuwa akitafuta maji. Hatia na wajibu si kitu kimoja. Nia njema yaweza kutuondolea hatia, lakini hasara ya jirani bado ipo pale pale, na upendo hauwezi kuipita kando.

Wengine watasema Yesu aliagiza magugu yaachwe hadi mavuno. Alisema hivyo juu ya watu, tusije tukamng'oa mwenzetu kabla ya wakati. Kwa watu tuwe na subira. Kwa miiba tushike jembe.

Tena mathenge hufundisha jambo moja. Ukiukata juu tu, huchipua upya. Sharti uchimbe kisiki chake. Baadhi ya wakazi wamegeuza miti hiyo kuwa makaa na kupata riziki, lakini wao peke yao hawawezi kuimaliza. Aliyeleta mti hana budi kushika jembe pamoja nao.

Wapendwa, kanisa nalo hupanda: miradi, misaada, mashauri katika nyumba za watu. Tusitosheke na siku ya uzinduzi. Baada ya miaka turudi, tuwaulize tuliowapa imekuwaje. Wakituonyesha miiba, tusijitetee kwa nia zetu. Tuchimbe pamoja nao.