Karatasi za Wenyewe

Wiki iliyopita nilihamisha faili zangu zote kutoka laptopu ya zamani hadi mpya. Mpya ni namna ya kusema tu. Ni ya mtumba, lakini angalau haizimiki katikati ya sentensi. Ile ya zamani nilimwahidi mpwa wangu, kwa hivyo kilichobaki ni kuifuta ili apate nafasi. Kazi ya dakika kumi, nilidhani.

Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani Ekalakala, nilijulikana sokoni kama yule wa kompyuta. Uandishi ulikuwa haujaanza kunilisha (hadi leo haujanishibisha). Watu waliniletea maombi ya HELB, PIN ya KRA, barua za kazi, wasifu wa marehemu. Kila mmoja aliniachia kitu: picha ya kitambulisho, cheti cha KCSE, nambari ya simu. Hakuna aliyeniuliza nitazifanyia nini baadaye, na mimi sikujiuliza. Diski ilikuwa na nafasi, basi.

Huku kwetu ukame umetufundisha kutotupa akiba. Lakini faili si ndengu. Ndengu za jirani zikikaa ghalani kwako, nyote mnajua ni zake, na siku moja atazijia na gunia. Nakala ya kitambulisho haimpungukii mwenyewe. Chake anacho mfukoni, kwa hivyo hata hakumbuki kwamba kingine kiko kwangu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko zinavyohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Sheria hiyo haimfuati mtu kwenye mambo yake ya nyumbani tu. Ningependa kujificha hapo, ila nilikuwa nikilipwa shilingi hamsini kwa ukurasa. Hayo si mambo ya nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Ukifuta faili na kumwaga pipa la taka, mara nyingi kompyuta haiiondoi papo hapo. Inaandika tu kwamba mahali pale sasa pako wazi. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, mtu mwenye programu inayofaa anaweza kuirudisha. Kwa hivyo kuna kufuta kwa ajili yangu, ambako kunanipa nafasi, na kufuta kwa ajili ya mwenyewe, ambako kunamlinda. Ya kwanza ni dakika kumi. Ya pili ni usiku mzima, diski nzima ikiandikwa upya, na mimi sipati chochote.

Nikaamua nitafanya ya pili, tena kwenye laptopu zote mbili. Nilijiona mtu mwema sana, kusema kweli.

Kesho yake asubuhi akaja susu mmoja jirani. Mwaka juzi nilimpigia picha karatasi zake za shamba: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mumewe, kila kitu.

“Mwanangu, zile karatasi zangu bado unazo?”

“Ninazo, Susu. Nilitaka kuzifuta leo.”

“Ufute? Zangu ziliisha kwa mchwa. Mimi nilijua ziko kwako.”

Ati alijua. Miaka miwili nilidhani ninashikilia takataka za kazi, kumbe yeye alikuwa ameniwekea amana.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilipozitunza bila kuuliza, niliamua mimi. Nilipotaka kuzifuta bila kuuliza, niliamua mimi tena, safari hii nikiita wema. Tunapenda kubishana kama ni vizuri kutunza au kufuta, lakini swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni hili: nani ana haki ya kujibu?

Kwa hivyo sasa napiga simu, jina moja baada ya lingine. Wengi wanacheka: “Bado unazo? Futa!” Wachache wanaomba niwatumie kwanza. Mmoja alinyamaza, kisha akauliza nani mwingine ameziona. Sikuwa na jibu la haraka, maana laptopu ile niliwahi kuiazima watu.

Mpwa wangu ananiuliza kila jioni kama iko tayari. Namwambia bado. Nimebakisha watu kumi na wanne.