Kisu cha Urithi: Kati ya Kutunza na Kutumia

Dhana ya urithi katika fikra za wengi imefungamana na kudumu: kirithiwacho hutazamiwa kumfikia mrithi wa baadaye kikiwa kizima. Kisu cha mfukoni, kile kidogo cha kukunja ambacho mtu hutembea nacho kila siku, huitatiza dhana hii. Kisu hakifai bila makali. Makali hayapatikani bila kunoa. Na kunoa ni kukipunguza chuma. Hivyo basi, anayekitumia kisu cha marehemu babu yake anakimaliza kidogo kidogo. Je, anauenzi urithi huo au anaufuja?

Na ichukuliwe, kwa kuwaza tu, familia moja ya Uriri katika Kaunti ya Migori, eneo la mashamba ya miwa. Kisu cha babu, pala kwa Kidholuo, kingali kinamenya muwa wa wajukuu na kukata kamba za mifugo. Mpini wake umekwisha kubadilishwa na bapa lake limekonda. Mjukuu mmoja anataka kifungiwe sandukuni. Wa pili hukitia mfukoni kila alfajiri.

Hoja ya mjukuu wa kwanza si dhaifu. Bapa lile lilikonda kwa mkono wa babu. Mikwaruzo iliyomo ni alama yake, na kila mara kinoo kinapopita juu yake, sehemu ya alama hiyo hufutika. Aidha, zipo jamii ambazo huenzi silaha kwa kuivaa. Khanjari ya Oman, ambayo ufundi na desturi zake viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022, huvaliwa kiunoni katika sherehe na hafla rasmi, na heshima yake haitegemei kukata chochote.

Hata hivyo, kisu cha mfukoni hakikuanza maisha yake kikiwa na heshima kama hiyo. Mfano ni kisu kiitwacho Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na ambacho tangu mwaka 1988 kimekuwa kikitengenezwa Afrika Kusini. Kisu cha namna hii hutoka kiwandani kikiwa bidhaa tu, kisichotofautiana na wenzake. Kinachokifanya kiwe cha babu fulani ni mwenendo wa miaka mingi: kukinoa, kukipangusa, kukikunja kabla ya kumkabidhi mtoto. Sanduku, kwa hivyo, huhifadhi kilichotoka kiwandani na kukiacha nje kilichotoka kwa babu.

Methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama hufasiriwa aghalabu kuwa ni sifa ya wenye nguvu. Yamkini fasiri hiyo inaruka hatua moja. Ukali si tabia ya kudumu ya kisu. Ni tokeo la kazi inayorudiwa. Methali haikuridhika kumtaja mwenye kisu, bali imemtaja mwenye kisu kikali. Umiliki peke yake, hata ule wa kurithi, haumfikishi mtu kwenye nyama.

Ushahidi mwingine umo katika kaunti iyo hiyo. Kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila kiunganishi na ambazo historia yake hurudishwa hadi karne ya 16, ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta hizo hazikudumu kwa kutoguswa. Jamii zilizofuatana zilihamia humo, zikaishi na kuzikarabati.

Lakini ulinganisho huu una mpaka wake. Ukuta ulioanguka huongezewa jiwe, ilhali kisu hakiongezewi chuma. Ndiyo maana kisu cha urithi kinafaa kuitwa amana kuliko mali. Mrithi ana haki ya kukitumia, ila hana haki ya kukinoa kwa pupa wala kukifanyia kazi ya panga. Siku bapa litakapokuwa jembamba mno, mjukuu wa kwanza atapewa sanduku lake bila ubishi. Swali litakalosalia siku hiyo ni iwapo kuna mtoto katika nyumba ile aliyekwisha kufundishwa kushika kinoo. Ikiwa hayupo, basi urithi ulikatika kabla ya chuma kwisha.