Kosa Nililolifuta: Sitara au Tadlisi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ramadhani iliyopita nilikuwa mwandishi wa mfuko wa futari ambao sisi wanafunzi tunautunza baina ya Arua na Koboko. Mimi nanunua vitu Koboko, maana kwetu ni huko na wenye maduka nawajua. Mwenzangu anakaa na fedha Arua, na ndiye anayepeleka taarifa kwa wazee wa msikiti. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetukataza kuchoka kuandika deni, liwe dogo au kubwa, kwa hiyo tunaandika. Ila daftari letu si la karatasi. Ni faili ya maandishi ndani ya kompyuta yangu, inayotunzwa kwa programu iitwayo Git, ambayo binamu yangu anayesomea kompyuta alinifundisha.

Git aliianzisha Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, ili watengenezaji wa Linux waliotawanyika dunia nzima waweze kushika kazi moja bila kuharibiana. Naitumia kwa kuandika amri. Nikibadilisha faili, naandika "git add" kuchagua mabadiliko, kisha "git commit", na hapo hali ya faili inarekodiwa pamoja na jina langu, tarehe, na maneno machache ya kueleza nilichofanya. Kila rekodi inapata alama ya herufi na tarakimu 40 inayotokana na yaliyomo ndani yake, na ndani yake imebeba alama ya rekodi iliyoitangulia. Ukigusa moja, alama yake inabadilika, na za zote zilizojengwa juu yake. Mwanafunzi wa hadithi hawezi kuona jambo hilo asikumbuke isnadi.

Usiku wa tarehe 12 nilinunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 190,000, kwa ahadi ya kulipa Ijumaa. Kwa uchovu nikaandika 109,000. Nikarekodi, nikatuma kwenye seva tunayoshirikiana, nikalala. Mwenzangu hana kompyuta, anasoma rejista kwa simu. Asubuhi akanakili kwenye karatasi: sukari 109,000, salio 146,000. Chini yake akaandika herufi saba za mwanzo za alama ya rekodi ile, kama tulivyoagana, akawapelekea wazee.

Jioni nikaliona kosa. Salio la kweli lilikuwa 65,000. Niliona haya: mwanafunzi wa elimu ya dini hawezi kuandika bei ya sukari? Nikaandika "git commit --amend", amri inayoiondoa rekodi ya mwisho na kuweka nyingine mahali pake, kisha "git push --force" ili seva ikubali kwa nguvu. Ikawa safi kabisa. Jambo moja sikulitia maanani wakati ule: rekodi mpya inabaki na tarehe ya uandishi ya ile ya kwanza. Atakayesoma kwa "git log" ataona kwamba usiku wa tarehe 12 niliandika 190,000, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Nikajiambia kwamba hii ni sitara. Hoja nilikuwa nayo, tena si dhaifu. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya mtu ambaye Mola wake amemsitiri usiku, naye anaamka asubuhi na kujifunua mwenyewe. Kama dhambi yenyewe haitangazwi, sembuse tarakimu mbili zilizopinduka?

Wiki haikwisha, simu ikalia. "Ndugu yangu, ile sukari uliandika ngapi mwanzo?"

"Si uangalie rejista," nikamjibu.

Wazee walikuwa na karatasi yake, na kijana mmoja wa kamati alikuwa amewafungulia rejista. Karatasi ilisema 109,000. Rejista, kwa tarehe ile ile, ilisema 190,000. Zile herufi saba hazikuonekana popote katika orodha ya rekodi, na umakini wake wenyewe ukageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Kama taarifa hii ni ya kubuni, waliuliza, zile za wiki iliyopita je? Hawakumwita mwizi. Walimwambia tu akabidhi fedha kwa mtu mwingine mpaka jambo lieleweke. Msikitini, katika mwezi ambao watu wanakutana kila usiku kwa tarawehe, hilo latosha.

Tazama jibu langu katika simu. Neno moja la uongo halimo. Ndiyo maana nililala vibaya usiku ule, kwa kuwa muhula huo huo tulikuwa tunasoma tadlisi. Mpokezi anayefanya tadlisi ya isnadi anasema "kutoka kwa fulani", naye hakuisikia kwake hadithi ile. Kuna mtu katikati amemruka. Hakusema "nimesikia". Amekuachia wewe udhani. Ibn Hajar al-Asqalani amewapanga watu hawa katika tabaka tano, na wamo ndani yake maimamu wakubwa kama Sufyan bin Uyayna, ambaye aliwaruka walio waaminifu tu, kwa hiyo wanazuoni walimvumilia. Maana yake hawakuuliza tu kama kuna kilichofichwa. Waliuliza pia nani aliyerukwa, na nani ataumia kwa kumtegemea aliyeruka.

Kwa kipimo hicho, kama ningeliona kosa kabla ya kutuma, ningelirekebisha nisiwe na la kujibu. Watu wa programu wanafanya hivyo kila siku, na mimi sioni tofauti yake na kukata mstari katika rasimu. Lakini mwenzangu alikwisha kusimama juu ya rekodi ile. Baada ya hapo haikuwa tena baina yangu na Mola wangu, ilikuwa ni haki ya mja. Sitara niliyojivika ilikuwa nguo niliyomvua mwingine.

Git yenyewe ina njia nyingine, "git revert", inayoongeza rekodi mpya ya kutangua ile ya zamani, na zote mbili zinabaki. Katika Bukhari, Abdullah bin Zubair alimuuliza Uthman (r.a.) kwa nini ameiandika aya ya 240 ya Suratul Baqara, juu ya mjane na mwaka mmoja, ilhali imefutwa na nyingine, na aya ya 234 imeweka miezi minne na siku kumi. Uthman akajibu kwamba hatakiondoa kitu chochote mahali pake. (Hukumu ya Allah haina kosa la kusahihishwa, tuelewane. Nazungumzia adabu ya mwandishi.)

Rafiki mmoja alinishauri niseme programu ilikosea. Programu haikukosea. Mwingine alisema inatosha kuwaambia wazee kwamba "kulikuwa na marekebisho". Hilo lilikuwa karibu na haki, lakini lisingeeleza zile herufi saba, na herufi saba ndizo zilizokuwa zikimshitaki mtu. Haya yangu sikuwa na wajibu wa kuyasimulia, kitendo ndicho nilichotakiwa kukieleza.

Nikapanda gari kwenda Arua na kompyuta yangu. Rekodi iliyoondolewa haipotei papo hapo. Kompyuta iliyoifanya inaendelea kuikumbuka, kwa kawaida siku 30 hivi, na amri ya "git reflog" inaionyesha. Nakala hiyo nilikuwa nayo mimi peke yangu. Mbele ya wazee nikaifungua. Mmoja wao akavaa miwani, akaishika karatasi ya mwenzangu karibu na kioo, akalinganisha herufi moja moja mpaka ya saba. Kisha nikaongeza rekodi mpya, na katika maelezo yake nikaandika: "Tarehe 12 niliandika sukari 109,000 kwa makosa. Nikabadilisha kuwa 190,000 bila kumwambia yeyote. Karatasi ya Arua ilikuwa sahihi kwa rejista ya asubuhi ile." Mzee akataka yaandikwe na kwa kalamu pia, nikatia sahihi.

Mwenzangu alirudishiwa fedha siku ile ile. Rejista bado anaisoma kwa simu, ila siku hizi kabla ya kunakili ananipigia kwanza: "Umeshaitazama tena?"